Kinyago Kisicho na Mtu wa Kukisemea

Katika kolegi tunamofundisha, upande wa Mwenga, kuna chumba kidogo kilichokuwa cha kutupia viti vilivyovunjika. Tulikiomba kwa prefe, tukakifagia, tukapiga mbao tatu ukutani. Tulitaka watoto wawe na mahali pa kuonea sanaa ya Balega.

Tuseme ukweli: sisi wenyewe, Balega wa kuzaliwa, tuliona lukwakongo kwa mara ya kwanza tukiwa wanafunzi wa ISP, ndani ya kitabu. Kilikuwa kitabu cha Daniel Biebuyck, kilichotoka Marekani mwaka 1973, cha Kiingereza tulichokisoma kwa shida. Kile kinyago kidogo cha mbao, uso umepakwa pemba, ndevu za nyuzi, babu zetu walikijua kama tunavyojua kalamu. Ilitupa haya.

Kwa maana bwami ilikuwa masomo. Mtu alipanda daraja kwa daraja, wengine mpaka Kindi, na kila daraja lilikuwa na vitu vyake: vinyago, sanamu za mbao au za pembe za tembo, hata mdomo wa ndege au gamba la kaka. Kitu kilitolewa, kikachezwa, kikaimbiwa, na mezali yake ikasemwa. Sakimatwematwe, yule wa vichwa vingi, alifundisha kwamba mkubwa anapashwa kuangalia pande zote mbele ya kukata maneno. Serkali ya wakoloni ilikataza bwami mwaka 1948. Vitu vingi vikaenda Ulaya na Marekani. Mwaka 2001 universite moja ya Los Angeles, UCLA, ilifanya maonyesho makubwa ya sanaa ya Balega katika jumba lake la Fowler. Basi mwanafunzi wa kule alitoka darasani, akavuka kiwanja, akaona vitu vya babu zetu. Wa kwetu Mwenga je?

Tuliwaambia watoto walete vya nyumbani. Wakaleta kiti cha babu, kibuyu, kikapo, kofia ya zamani yenye simbi. Wiki ya pili mzazi mmoja akaja na hasira: «Sisi tunalipa minerval juu batoto basome, ninyi munabafundisha bulozi!» Hatukumcheka. Mambo hayo aliyasikia tangu utoto wake, na sisi pia tuliyasikia. Lakini wanafunzi sita hawakuingia tena mule chumbani, na mmoja wao alikuwa wa kwanza wa darasa.

Tukaenda basi kwa muzee mmoja ambaye jamaa yake ilichunga mfuko wa bwami. Tukamwomba atuazime kinyago, tukifunge ukutani, na karatasi ya maelezo chini yake. Akatuangalia sana.

«Mwana wangu, nani atakisemea?»

Tukajibu: «Karatasi, muzee.»

«Karatasi inajua kucheza?»

Tulirudi tumenuna, tusifiche. Njiani tulimhesabu kuwa mtu mgumu. Usiku ndipo tulipoelewa kwamba alituuliza swali ambalo hata majumba makubwa ya Ulaya hayajalijibu vizuri: kule kitu kinalindwa, kinawashiwa taa, lakini kimenyamaza.

Siku ya soko iliyofuata akaja mwenyewe, mfuko chini ya kwapa, bila kuitwa. Akawaketisha watoto chini, akapanga vitu vyake katika mstari juu ya mkeka. Kila kimoja alikinyanyua, akasema nusu ya mezali kwa Kilega na kungoja. Kwanza kimya. Halafu msichana mmoja wa mwaka wa nne, aliyelelewa na nyanya yake, akamaliza nusu iliyobaki, sauti ndogo sana. Muzee akapiga makofi. Kumbe mtoto huyo alikuwa na kitu ambacho sisi wenye diploma hatukuwa nacho! Yule wa kwanza wa darasa alikuwa amesimama nje ya dirisha. Hakuingia, lakini hakuondoka pia.

Saa mbili zilipita. Muzee akarudisha vyote ndani ya mfuko, akafunga kamba, akaenda zake.

Mbao ziko ukutani, juu yake kibuyu, kikapo na kofia. Prefe ametuuliza kama anaweza sasa kurudisha viti vyake. Tumemwomba angoje kwanza siku ya soko.