Namba moja yampokonya Roberto nafasi

Jumapili tarehe 14 Aprili 1968, mjini Augusta nchini Marekani, Roberto De Vicenzo wa Argentina alitimiza miaka 45. Siku hiyo alimaliza mashindano ya gofu ya Masters akiwa sawa na Bob Goalby, mapigo 277. Wangerudiana kesho yake.

Lakini kwenye shimo la 17 Tommy Aaron, mchezaji mwenzake aliyemwandikia mapigo, aliandika 4 badala ya 3. Watu waliona 3, hata kwenye televisheni. Roberto hakusoma vizuri, akatia sahihi. Sheria ikafuata karatasi. (Aliyewahi kukosewa kwenye orodha ya msaada anaelewa.) Goalby akashinda kwa pigo moja.

Roberto alijilaumu mwenyewe tu. Goalby, asiye na kosa lolote, akaandikiwa barua za matusi.