Kambale wa Marehemu Mama Yako

Kasulu, Julai

Mpwa wangu mpendwa,

Mwakeye! Ungekuwa karibu tungesalimiana kwa makofi kama Waha tunavyosalimiana. Huku baridi ya mwezi huu imekaza.

Picha ulizotuma nimezitazama mara nyingi. Nakumbuka siku dada yangu alipomleta huyo kambale kwenye ndoo, ametolewa mto Malagarasi, hazidi kidole cha kati. Wewe ulikuwa bado unavaa kaptula ya shule. Leo una nyumba yako hapo Kibondo, na yeye amefikia umri ambao kambale wachache huufikia. Nakumbuka mama yako akigonga ukingo wa tangi la saruji kwa kikombe cha bati, na samaki anapanda taratibu, sharubu zake nane zimetangulia, anachukua kumbikumbi mkononi mwake bila kumng'ata. Kwa hiyo unapoandika kwamba siku hizi hapandi ukigonga, najua umelala vipi.

Sasa nisikilize. Hizo dawa tatu ulizonunua dukani na kuanza kumtilia, ziweke kabatini. Dawa ya kuku ni ya kuku. Kambale hana magamba. Kinachomwagwa majini kinamfikia ngozi moja kwa moja, na samaki mzee hana nguvu ya kupambana na ugonjwa huku anapambana na dawa.

Anza na maji, lakini usiyabadilishe yote. Kosa hilo nililifanya mimi mwenyewe. Niliona maji yamechafuka, nikamwaga yote siku moja, nikajaza ya chemchemi, mwezi kama huu. Samaki watatu walikufa kabla ya alfajiri. Maji yalikuwa safi, ila yalikuwa baridi kuliko yale waliyoyazoea, na samaki hana joto lake mwilini. Joto lake ni la maji aliyomo. Toa robo tu. Yale mapya yakae kwenye pipa juani mpaka ukitumbukiza mkono huku na mkono kule usione tofauti. Kama ni ya bomba yenye klorini, yakae siku mbili bila kufunikwa.

Jambo la pili, ambalo wengi hawalijui: punguza kina. Kambale hupumua kwa mashavu kama samaki wengine, lakini ana kiungo kingine kichwani cha kuvuta hewa ya juu, ndiyo maana unamwona anapanda, anameza pumzi, anashuka. Akidhoofika, safari hiyo ya kupanda inakuwa mlima. Maji ya kiunoni yanaweza kumkosesha pumzi. Yashushe yafike magotini. Kisha kaa kando yake na saa ya simu, hesabu anapanda mara ngapi kwa nusu saa, uandike, asubuhi na jioni. Zikiongezeka siku hadi siku, ama maji yameharibika ama mashavu yana ugonjwa. Usiku funika tangi kwa turubai, ila uache nafasi ya hewa kati ya turubai na maji.

Ule weupe kama pamba unaoonekana ubavuni mwake pichani ni ukungu, na mara nyingi hushika penye kidonda. Hapo tumia chumvi yetu ya Uvinza. Mhamishie kwenye chombo kipana chenye maji lita 500 yasiyozidi magoti, chumvi kilo moja, uiyeyushe kwanza kwenye ndoo na kuimimina kidogo kidogo kutwa nzima. Unapomhamisha usimkamate mkiani. Mlaze kwenye khanga iliyolowa, watu wawili, kama mnavyombeba mgonjwa. Ute ulio mwilini mwake ndio ngao yake. Mikono mikavu huufuta.

Chakula kipunguze. Kambale hupenda maji ya joto la nyuzi 25 mpaka 30, na huku kwetu mlimani usiku wa Julai maji hushuka mbali chini ya hapo. Akila kidogo mwezi huu, si lazima awe anakufa. Mpe mchana, dagaa wachache waliolowekwa, na kisicholiwa ukitoe kabla ya jioni.

Tumbo lake lililovimba pichani ndilo linalonitia wasiwasi. Yeye ni dume, kwa hiyo si mayai. Tumbo la samaki mzee likijaa maji hivyo, mara nyingi ni figo au ini, na sitaki kukudanganya kwamba chumvi itaponya figo. Mtafute afisa uvuvi wa halmashauri, mwonyeshe picha na hesabu zako za kupumua. Akikwama, chuo cha uvuvi cha FETA kipo Kibirizi, Kigoma. Kuna watu wa kuulizwa.

Mpwa wangu, kuna swali nataka ujiulize ukiwa peke yako. Unamuuguza samaki, au unamuuguza mama yako kwa mara ya pili? Nakuuliza kwa sababu nami nilipoona picha zile nililia, na si kwa ajili ya samaki peke yake. Lakini huenda ukafika wakati wa kumwacha aende. Kule Chicago, Marekani, palikuwa na samaki wa jamii ya kamongo aliyeletwa kutoka Australia mwaka 1933. Walimtunza zaidi ya miaka 80. Mwaka 2017 alipoacha kula na mwili kumshinda, walezi wake walimpumzisha bila maumivu. Hawakuwa wamechoka naye. Nasi tunayo karafuu: mafuta yake humlaza samaki usingizi, na yakizidishwa haamki. Siku hiyo ikifika, kipimo akiamue mtaalamu, wala usijaribu peke yako. Usimrudishe Malagarasi ukidhani ni huruma. Huko atapeleka ugonjwa, naye hajui kutafuta riziki. Na asiliwe na mtu, kwa hizo dawa alizokwisha kunywa.

Jumamosi napanda basi la asubuhi kuja Kibondo. Nitakuja na kile kikombe cha bati; dada yangu alikiacha kwangu mara ya mwisho alipokuja. Mpaka nifike, usiongeze dawa yoyote, na daftari la hesabu liwe mezani.

Mjomba wako