Darasa Dogo la Maastricht na Soko la Mpondwe

Katika miji ya ugenini niliyopata kuishi, hakuna ulionikumbusha kwetu kama Maastricht, mji wa kusini kabisa mwa Uholanzi, ambako mtu akipanda baiskeli yake asubuhi huingia Ubelgiji kabla jasho halijamtoka, wala hapana askari wa kumwuliza atokako wala mpekuzi wa kumfungua mzigo. Mimi ni mzaliwa wa Ibanda, nakusudia Ibanda ya Kasese, Uganda, iliyo miguuni mwa milima ya Rwenzori, njia ya wapanda milima waendao Nyakalengija, si ile Ibanda ya Ankole. Na biashara niliijulia Bwera, kwa shangazi yangu, karibu na Mpondwe, ambako mto Lhubiriha ndio mpaka wetu na Kongo, na ambako ndugu wa asili moja, Wakonzo huku na Wanande kule, huvuka kwa vibali kwenda kuzikana na kuozana.

Chuo kilichonipokea ni Maastricht School of Management, ambacho asili yake ni Delft mwaka 1952, na ambacho sasa kimeunganishwa na Chuo Kikuu cha Maastricht. Kwa miaka mingi wamepita hapo watu wa Uganda, Tanzania, Ethiopia na nchi nyinginezo, aghalabu kwa ufadhili wa serikali ya Uholanzi, wakisomea shahada ya MBA kwa kutwa nzima, si kwa jioni na mwisho wa juma kama wafanyavyo wenye kazi Kampala. Muradi wa masomo hayo ni kwamba mtu aache kazi yake, na mshahara wake, na aghalabu watoto wake, ili akili yake isigawanyike. Na darasa likiwa dogo, asiyesoma usiku hujulikana asubuhi, na asiyesema hutazamwa mpaka aseme. Baridi na chakula sitavieleza, kwani kila aliyeishi Ulaya amekwisha kuvieleza. Kilicho kizito ni kule kulazimishwa, siku baada ya siku, kutoa rai yako mbele ya watu wa mataifa mengi na kuitetea kwa hoja, hata kama ulilelewa kunyamaza wakubwa wanaposema.

Siku moja mjadala ulikuwa juu ya makampuni makubwa na namna yanavyojikinga fedha za kigeni zinapopanda na kushuka thamani. Nikasema habari za shangazi. Yeye huuza maharagwe na samaki wa Katwe kwa wanunuzi wa Kongo, hununua kwao mawese na vitenge, na hupokea fedha za aina tatu, shilingi, faranga na dola, kila aina akiifunga katika fundo lake la leso. Jua linapoanza kushuka huanza kufungua mafundo, akabadilisha faranga kwanza, kwa sababu ndiyo isiyofaa kulala nayo, na dola huiacha mwisho, au haibadilishi kabisa. Mwalimu aliniita ubaoni nichore mwendo wa fedha hizo, na saa iliyobaki darasa zima, Mhabeshi, Mvietnamu na Mghana, lilikuwa Mpondwe. Usiku nilimpigia shangazi simu kumpa habari. Hakustaajabu hata kidogo. "Mwanangu," akasema, "waambie pia bei ya mawese haikai kitako."

Tangu siku hiyo nimeyapima makazi yangu mawili kwa insafu zaidi. Elimu ya kuendesha mali haikuhamia kwetu kutoka Ulaya tu. Kyarumba, katika vilima vya kahawa vya Kasese, iko jumuiya ya ushirika iitwayo Bukonzo Joint, ambako wakulima, wengi wao wanawake, na baadhi yao hawajui kusoma, walijifunza kupanga mapato kwa kuchora. Huchora mti: mizizi upande huu kazi za mume, upande ule kazi za mke; matawi juu, nani anayezitumia fedha na kwa lipi; na mti ukiegemea upande mmoja, nyumba nzima huona kwa macho yake dhuluma ambayo maneno yalikuwa yameificha. Njia hiyo ilikuzwa pamoja na shirika la Kiholanzi la Oxfam Novib, ikasafiri hadi nchi nyingine za Afrika. Wako waume waliokubali, baada ya kuutazama mti, kuandikisha shamba kwa majina ya wawili. Nilitafuta habari hizo katika vitabu vya darasani nisizione, na jambo hilo liliniuma, na lingali likiniuma.

Lakini insafu yanitaka niseme na la upande wa pili. Uholanzi ilitangaza mwaka 1965 kufunga migodi ya makaa ya mawe ya Limburg, mkoa ulimo mji wa Maastricht, na wa mwisho ukafungwa 1974. Wachimbaji wengi walipata taabu kubwa. Hata hivyo serikali ilihamishia baadhi ya ofisi zake Heerlen, mji wa mkoa huohuo, na mwaka 1976 ikaanzisha chuo kikuu Maastricht, sababu mojawapo ikiwa ni kuufidia mkoa uliopoteza kazi. Kwetu, reli ilifika Kasese mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya migodi ya Kilembe. Shaba iliposimama mwanzoni mwa miaka ya 1980, reli nayo ikaja kunyamaza, na mkoa haukupewa badala yake. Mimi niliyesomea katika mji uliofidiwa siwezi kuyaona haya mawili kuwa sawa, wala sikubali kwamba umaskini wa serikali ndio jibu zima, kwani Kongo imejiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022, na mali ipitayo Mpondwe kila siku ni kubwa.

Basi nawasihi vijana wa Kasese mlioko masomoni Ulaya, Marekani na kwingineko: mtakapofika kwenye tasnifu, msiandike juu ya makampuni ambayo tayari yana waandishi elfu. Andikeni juu ya chumvi ya Katwe, kahawa ya Kyarumba na kina mama wa Mpondwe, kwa hesabu zilizokaguliwa, na nakala moja mwipeleke Chuo Kikuu cha Mountains of the Moon, Fort Portal, na nyingine kwa wale mliowauliza maswali.