Kibati cha Mzee Kariakoo

Ardhi ya Kishushe ni nyekundu. Mtu ateremkaye kutoka Milima ya Taita kuelekea upande wa Mbuga ya Tsavo Magharibi huuona wekundu huo kabla hajaiona nyumba ya kwanza, na akienda Voi huufikisha huko ukiwa umeganda viatuni. Ni chuma kilichomo udongoni kinachofanya hivyo. Chuma hicho kimeleta wachimbaji, malori na mabishano yasiyokwisha, lakini hayo yana siku yake. Kijana anayesimuliwa hapa hachimbi. Yeye huchora picha migongoni mwa majaketi ya ngozi.

Wateja wake ni waendesha bodaboda. Jaketi hununuliwa sokoni Voi katika marundo ya mitumba, likaletwa kwake likiwa limechakaa viwikoni, na mwenyewe akataka mgongoni awekewe tai, fuvu lenye mabawa, au ndege ya kivita inayoshuka kwa kasi. Kazi huanza kwa kufuta. Kitambaa kilicholoweshwa spiriti hupitishwa polepole mpaka mng'aro wa kiwandani utoke, maana rangi haishiki juu ya mafuta. Kisha mchoro huandikwa kwa chaki. Baada ya hapo huja tabaka jembamba la rangi nyeupe, likaachwa likauke, na rangi nyingine zikafuata juu yake, kila tabaka jembamba kuliko ambavyo mteja angependa. Hapo ndipo wengi huharibu. Ngozi hukunjwa kila mvaaji anapoinama. Rangi nene hukauka kama tope la bwawani, ikapasuka siku ya kwanza. Kijana huyu alijifunza hayo kwa hasara, kwa kulipia jaketi la mtu.

Sanaa yenyewe ina kwao. Jeshi la Marekani liliidhinisha jaketi la ngozi la marubani liitwalo A-2 mwaka 1931, na Vita Vikuu vya Pili vya Dunia vilipopamba moto wanahewa wakaanza kuchora migongoni mwao majina na picha za ndege zao. Chini ya picha zilipangwa safu za mabomu madogo. Kila bomu lilikuwa hesabu ya safari moja ya kwenda kushambulia. Kwa wanahewa wa ndege za mabomu waliokuwa na vituo vyao Uingereza mwaka 1943, safari 25 zilitosha mtu kurudishwa nyumbani, na wengi hawakuzifikisha. Ilikuwa hesabu ya roho, si mapambo. Tena mgongo husomwa na kila aliye nyuma isipokuwa mwenyewe. Mwishoni mwa mwaka 1943 mwanahewa mmoja alitekwa na Wajerumani akiwa amevaa jaketi lililoandikwa Murder Inc., jina la ndege, ambalo kwa Kiswahili ni sawa na Kampuni ya Mauaji. Magazeti ya Ujerumani yaliichapisha picha hiyo, yakasema: tazameni, wenyewe wanakiri.

Hata hivyo, kuchora alama ya vita juu ya ngozi si jambo lililoletwa Afrika Mashariki na mitumba. Majirani wa Wataita, Wamaasai, walizipaka rangi ngao zao za ngozi ya nyati kwa nyekundu, nyeupe na nyeusi, na alama hizo, ziitwazo sirata, zilimtambulisha shujaa na kundi lake. Hollis, katika kitabu chake cha mwaka 1905 kuhusu Wamaasai, alieleza kwamba alama fulani nyekundu haikuwekwa ila kwa idhini ya mkuu, baada ya mwenye ngao kujipambanua vitani. Wekundu wa ngeu, kama ule wa Kishushe, asili yake ni chuma. Wataita wa karne ya 19, waliokaa juu milimani na kujihami kwa upinde na mishale ya sumu, bila shaka walizisoma ngao hizo kwa mbali, na si kwa furaha.

Jioni moja kijana alikuwa akimaliza jaketi la mteja lenye mabomu 12. Nyanya yake, mwenye umri unaokaribia miaka 90, aliketi karibu akichambua kunde.

"Haya mayai meusi ni ya nini, mjukuu wangu?"

"Si mayai, nyanya. Ni mabomu. Kila moja ni safari moja ya vitani."

Bibi kizee akayatazama kwa muda.

"Na baba yangu, angechorewa mangapi?"

Baba yake alikuwa Kariakoo. Mwaka 1914 Wajerumani waliitwaa Taveta. Waingereza wakajenga reli kutoka Voi kupitia Mwatate na Bura hadi Maktau, na tarehe 12 Februari 1916 wakapigwa vibaya katika kilima cha Salaita. Mapema mwaka huohuo ndege za Kikosi nambari 26 zilikuwa zikiruka kutoka Mbuyuni, ng'ambo ya Maktau. Marubani walikuwa na majina, vyeo na nembo. Walio chini, wenye mizigo vichwani, walikuwa na kibati cha chuma kilichofungwa kwa uzi shingoni, na juu yake nambari. Vita viliposogea kusini walisogea navyo, wakila unga ambao haukuiva, wakiharisha damu, wakifa kando ya njia. Katika wapagazi waliotolewa Kenya, zaidi ya 40,000 hawakurudi. Mzee huyo alirudi. Ndugu yake hakurudi, wala hakuna ajuaye alikozikwa.

Kwa mwanafunzi wa lugha, jambo moja hapa haliwezi kupitwa. Waingereza waliliita jeshi hilo la wapagazi Carrier Corps. Vinywa vya wenyewe vikalifanya Kariakoo, nalo likabaki kuwa jina la mtaa Dar es Salaam, na Kariokor Nairobi. Watu hununua nyanya na kanga humo kila siku. Kwenye barabara ya Kenyatta, Nairobi, zipo sanamu za shaba zilizozinduliwa mwaka 1928, na mmojawapo wa watu watatu wanaoonekana ni mpagazi. Majina hayapo. Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika ripoti yake kwamba Waafrika wengi mno waliokufa vitani hawakukumbukwa kwa majina, na wengine hawakukumbukwa kabisa.

"Kile kibati kilikuwa wapi, nyanya?"

"Kilitundikwa msumarini juu ya kitanda chake. Tulipobadilisha paa, sikukiona tena."

"Na nambari?"

"Mimi sikujua kusoma."

Asubuhi mwenye bodaboda alikuja. Kijana akamwuliza yale mabomu 12 ni hesabu ya nini. Jamaa akacheka, akasema zinapendeza tu, akalipa, akapiga stati akaondoka.

Siku hiyohiyo kijana alilitoa jaketi lake mwenyewe, ambalo kwa miaka miwili alikuwa amelitunza bila kuamua achore nini. Akalifuta kwa spiriti. Katikati ya mgongo akachora duara la rangi ya bati, kubwa kama kiganja, lenye tundu juu na uzi unaopanda hadi kwenye ukosi. Alitia kivuli pembeni, akatia kutu kidogo kwa rangi nyekundu iliyokorogwa na nyeusi. Kisha akashika brashi nyembamba kuliko zote, ile ya kuandikia tarakimu, akaishika muda mrefu.

Nyanya alikuja akasimama nyuma yake.

"Usibuni," alimwambia.

Akaisuuza brashi, akalitundika jaketi msumarini likauke.