Je, moyo wa mama una kasi kuliko mwanga?

WATOTO wa siku hizi wanauliza maswali ambayo zamani tuliwaachia wasomi wa vyuo vikuu. Binti yangu wa kidato cha pili aliniuliza hivi: "Mama, kuna kitu chochote kinachokwenda mbio kuliko mwanga?"

Hakuuliza kwa ajili ya mtihani. Baba yake mkubwa, aliyekuwa mgonjwa kwa miezi kadhaa, alifariki Kigoma usiku wa manane. Simu ilitufikia hapa Tabora kabla ya alfajiri. Wazee wa ukoo wakakubaliana kwamba mama mkwe wangu, kwa kuwa ana presha, asiambiwe mpaka mwili ufike. Zikapita siku mbili. Alipokalishwa mkekani ili aambiwe, aliwatangulia: "Mwanangu amekufa. Nimejua tangu juzi. Usiku ule nilishtuka usingizini."

Tangu hapo ndugu wanasema moyo wa mama unaipita simu, unaupita hata mwanga. Binti naye amefundishwa darasani kwamba hakuna kinachoupita mwanga. Akataka kujua ni nani asiyesema kweli, bibi au mwalimu.

Nianze na mwalimu. Katika anga tupu mwanga husafiri karibu kilomita 300,000 kwa sekunde moja. Kutoka juani hadi kwenye miembe yetu unatumia dakika 8 na ushei. Mwaka 1905 Albert Einstein alionyesha kwamba kasi hiyo ndiyo mpaka. Kitu chenye uzito kadiri kinavyoukaribia, ndivyo kinavyodai nguvu zaidi ili kiongeze mwendo, na kuufikia kingehitaji nguvu isiyo na mwisho. Ujumbe nao haupiti hapo. Ungepita, kungekuwa na mtu mahali fulani ambaye angeona jibu limefika kabla swali halijaulizwa.

Wako waliodhani wameuona mpaka huo ukivukwa. Septemba 2011 wanasayansi walitangaza kwamba chembe ndogo mno ziitwazo nyutrino, zilizotoka kituo cha CERN karibu na Geneva kwenda Gran Sasso nchini Italia, zilifika mapema kuliko ambavyo mwanga ungefika. Umbali wake ni kama kilomita 730, sawa na mstari ulionyooka kutoka Dar es Salaam hadi hapa Tabora. Wao wenyewe walishangaa, wakawaomba wenzao wawakague. Mwaka 2012 ikabainika kwamba waya mmoja wa vipimo haukuwa umekazwa vizuri. Nyutrino hazikuushinda mwanga. Mwalimu yuko sahihi.

Sisi wa Tabora tunajua habari kuchelewa ni nini, maana mji huu ulikuzwa na njia ya misafara. Henry Stanley aliondoka Bagamoyo Machi 1871, akafika Kwihara Juni. Habari ilikwenda kwa mwendo wa miguu ya wapagazi, wengi wao Wanyamwezi. David Livingstone alifariki tarehe 1 Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, ambacho leo kiko Zambia. Susi, Chuma na wenzao wakaubeba mwili wake, na habari za kifo zikafika Unyanyembe Oktoba. Kwa zaidi ya miezi mitano watoto wake walikuwa yatima bila kujua. Mke wa mpagazi naye aliweza kuwa mjane msimu mzima huku akiendelea kumtarajia mumewe.

Lakini wale walikuwa na sababu, kwa kuwa hapakuwa na njia nyingine. Sisi je? Kigoma hadi Tabora, kwa mstari ulionyooka, ni kama kilomita 350. Mwanga huzivuka kwa sehemu moja tu ya elfu ya sekunde na kidogo. Simu yetu haikuchukua hata dakika. Kutoka sebuleni hadi chumbani kwa bibi, habari ikachukua siku mbili.

Sasa nije kwa bibi. Baada ya arobaini nilimuuliza taratibu alijuaje. Alinihesabia. Asubuhi ile redio haikuwashwa. Mume wangu alimwamkia bila kumtazama usoni. Majirani waliingia uani, wakamsalimu harakaharaka, wakaenda kunong'ona nyuma ya nyumba. Mchana akaona masufuria makubwa yanateremshwa kutoka stoo. "Masufuria yale hayashushwi kwa chai," akaniambia.

Nikamweleza binti kwamba bibi yake hakusema uongo. Kila alichokiona kilimfikia machoni kwa mwanga uleule wanaosoma darasani. Na kule kushtuka usiku? Mama mwenye mtoto mgonjwa mbali hushtuka usiku mwingi. Usiku uliopita salama unasahauliwa, ule uliogongana na msiba haufutiki. Huko si kumdharau bibi. Ni kusema kwamba alikuwa akimwaza mwanawe kila usiku.

Kisha bibi akaniambia neno ambalo ndilo lililonifanya niandike: "Mlininyima siku mbili za kumlilia mwanangu. Nililia kimyakimya ili nisiwaharibie siri yenu."

Wazee walifanya vile kwa huruma, na presha si jambo la kuchezea. Lakini, msomaji mwenzangu, kumficha mzee si kumkinga. Anaona nyuso zetu, anabaki peke yake na hofu, hana hata wa kumshika mkono. Ikitokea kwenu, mtafuteni mtu mmoja anayemwamini. Hakikisheni amekula na amemeza dawa zake, na kama mnaweza, mwiteni mhudumu wa afya awe karibu. Mkalisheni, mwambieni kwa maneno machache yasiyozunguka, kisha msimwache peke yake.

Katika kikao cha ukoo cha mwezi uliopita mama mkwe wangu aliomba nafasi ya kusema. Alisema habari yoyote ya wanawe waliobaki, njema au mbaya, aipate siku hiyohiyo. Wazee walinyamaza kwa muda, kisha mkubwa wao akasema, "Tumesikia."