Trela ya kujitengenezea: angalia ekseli kwanza

Wasee, trela ya kubebea gari ya mbio si rangi na taa. Hapo Kariobangi, fundi wa kuchomelea alitaka ekseli ikae katikati kabisa. Nikasema zii, isonge nyuma kidogo. Mazda MX-5 yetu ni karibu tani moja, trela yenyewe kilo 500. Pale inaposhikana na pikapu panafaa kulaliwa na asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote, yaani kuanzia kilo 150. Uzito ukilalia nyuma, mkiteremka Mai Mahiu trela inayumba, inawabeba nyote. Mbao za kupandia ziwe ndefu, bampa iko chini manze. Breki bado tunabishana: bro anasema za pikapu zinatosha. Mimi Naivasha siendi hadi trela ipate zake.