Chipukizi la chuo

Kampuni inayotoka katika maabara ya chuo kikuu ili kuuza maarifa yake, tuiiteje kwa Kiswahili? Mimi napendekeza chipukizi, kama la mgomba: mama hulilisha, kisha huweza kuhamishiwa shamba lake.

Tutazame baharini. Bluefin Robotics ilitoka MIT, Marekani, mwaka 1997, ikiunda roboti za kupiga mbizi. Wanamaji wa kijeshi walizihitaji, na mwaka 2016 General Dynamics ikainunua. Pelamis ilizaliwa Scotland mwaka 1998 kutokana na utafiti wa mawimbi wa Edinburgh. Mwaka 2004 mashine yake ilipeleka umeme wa bahari kwenye gridi ya Uingereza. Mwaka 2014 fedha zikaisha, ikafa.

Mashine zote mbili zilifanya kazi. Tofauti ni mnunuzi: roboti hufika kina ambacho mzamiaji hafiki, lakini umeme wa mawimbi hushindana na umeme wa bei nafuu.

Wenzangu wa uhandisi huota kampuni za Tanganyika na Kivu. Nawaombea mtaji, ila kwanza nawauliza: nani atanunua, na mwenye fedha atavumilia miaka mingapi?